Kukereza Kalamu: Uraibu Mpya, Msamiati wa Kale

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii inawafaa wale wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Ushahidi wa kuwakosoa upo katika uraibu mdogo wa kukereza kalamu kutokana na vipande vya akriliki. Uraibu huu una wapenzi wengi Marekani na Uingereza, na hakuna kinachouzuia kufanyika Entarara, katika Kaunti ya Kajiado.

Mathalani, kijana wa Entarara ameamua kujaribu. Huchukua kipande cha akriliki chenye urefu wa sentimita 12 hivi, akakikata kwa msumeno, akakibana kwa jiliwa na kukitoboa kwa keekee ya milimita 7. Ndani ya tundu hutia mrija wa shaba na kuushika kwa gundi. Kisha hukipachika kwenye kerezo, na kinapozunguka hukichonga kwa bobari hadi kiwe mviringo. Hapo subira ndiyo ufundi wenyewe: bobari butu huipasua akriliki, na joto likizidi huilainisha ikaanza kunata. Mwisho hupiga msasa wa maji, kutoka ule mkali hadi ule laini kabisa, mpaka kalamu ing'ae kama kioo.

Katika maelezo hayo yote, tukiacha vipimo, neno geni ni akriliki tu. Mengine ni mali ya maseremala wa Kiswahili tangu zamani. Kitenzi kukereza kimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na vitanda vya Lamu vyenye miguu iliyokerezwa ni ushahidi kwamba neno hilo halikuzaliwa vitabuni. Hata hivyo, katika karakana nyingi za bara, fundi hutaja zana zake kwa Kiingereza kilichokatwakatwa, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili hulikariri neno bobari pasipo kuwahi kuishika. Mmoja ana kazi bila neno, mwingine ana neno bila kazi. Lugha haiwezi kuishi katika utengano huo.

Wapo watakaosema kwamba akriliki ni plastiki ya kigeni, na kwamba uraibu huu ni wa wenye fedha. Hoja ya kwanza ni dhaifu. Shanga za kioo zilizowapa Wamaasai wa Kajiado sifa duniani zilitoka Ulaya, lakini hakuna anayethubutu kusema kwamba ushanga wa Kimaasai si wa Wamaasai. Mikono iliyozitunga na majina iliyozipa ndiyo yaliyozifanya zao. Isitoshe, Kitengela kuna karakana zinazogeuza vioo vilivyotupwa kuwa vyombo vya thamani. Hoja ya pili ina uzito, kwani kerezo ni ghali. Lakini kerezo moja katika karakana ya pamoja huwatosha vijana wengi, na asiyemudu akriliki ana masalio ya mbao za mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini iwapo mafunzo ya ufundi yataendelea kutolewa kwa Kiingereza peke yake, kama kwamba mkono hauelewi lugha nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitia mkazo masomo ya ufundi. Fursa ya kuyaambatanisha na msamiati huu haikutumika ipasavyo. Isipotezwe mara ya pili.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kutoka maktabani na kuingia karakanani, daftari mkononi, wakafunze majina na kufunzwa kazi. Itakuwa aibu kubwa iwapo wasomi wa lugha watazidi kuandika kwa kalamu ambayo hawawezi kueleza, kwa lugha yao wenyewe, jinsi inavyoundwa.