Minova: Pipa la kasiksi liwekwe robine, na robine ioshwe

Katika centre ya Minova, teritwari ya Kalehe, jimbo la Kivu Kusini, kuna akina mama waliokimbia vita toka Masisi wakaacha mashamba yao. Wanaouza kasiksi wanaanza na mbao chache, misumari na pipa moja la plastiki. Hiyo ndiyo baa yao. Jioni wateja wakifika, muuzaji anachovya kopo ndani ya pipa, anampa mtu, anapokea faranga, kisha anachovya tena kwa mkono uleule.

Hatari iko hapo. Kasiksi inatoka kwa ndizi mbivu zilizokamuliwa, zikachanganywa na maji na unga wa mtama uliokaangwa, halafu ikaachwa ichache. Haichemshwi. Wako wanaosema pombe inaua vijidudu. Si kweli. Kasiksi haina nguvu ya kutosha kwa hiyo, na kipindupindu kinarudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Kivu.

Kuweka robine hakuhitaji fundi mkubwa. Pipa lichaguliwe ambalo halijawahi kubeba mafuta wala dawa za shamba. Tundu litobolewe vidole vinne juu ya kitako, ili machicha yabaki chini. Robine iwe ya plastiki: pombe ni chachu, inakula chuma chenye zinki na kukiingiza ndani ya kinywaji. Pete ya mpira iwekwe ndani na nje, nati ikazwe, na pipa lijazwe maji usiku mmoja kuona kama linavuja. Meza nayo ipigiliwe miguu imara, maana pipa la lita hamsini linakaribia uzito wa mtu mzima. Kifuniko kisibanwe kabisa, kwa sababu kasiksi inaendelea kuchacha na kutoa hewa.

Lakini robine chafu ni mbaya kuliko kopo. Uchafu unajificha mdomoni mwake, jicho halioni. Kila pipa likiisha, robine ifunguliwe, isuguliwe na kupitishwa maji yenye klorini, kisha maji safi. Na maji ya kuchanganya na ndizi yachemshwe kwanza.

Wapo wanaotaka baa hizi zivunjwe zote. Wanasema zinakula pesa ya unga na kuleta fujo usiku. Malalamiko yao yana msingi; mama anayemngoja mume na chakula anayajua vizuri. Ila meza ikivunjwa, pombe haiishi. Inahamia ndani ya kibanda cha turubai, karibu na mahali watoto wanapolala, ambako hakuna jirani wala kiongozi anayeona nani anakunywa na maji yametoka wapi. Na mama aliyevunjiwa meza anabaki na deni la ndizi.

Afadhali viongozi wa mitaa wakae na wauzaji na wawakilishi wa waliohama, wapatane mambo matatu: robine na maji safi kwa kila pipa, saa ya kufunga, na mtoto asiuziwe wala asitumwe kuuza. Atakayekataa, hapo ndipo afungiwe. Atakayefuata, aachwe afanye kazi, watoto wake wapate kula.