Mfagiaji Hakukutuma Utupe

Ukimwuliza abiria wa daladala kwa nini amerusha ganda la ndizi dirishani, siku hizi haoni haya. Jibu analo: "Sasa wale wanaofagia watakula nini?" Gari zima linacheka, konda anatia chumvi, na wewe uliyeuliza ndiye unayeonekana mnoko. Nimelisikia jibu hilo Mbagala, nimelisikia Ubungo, nimelisikia kwa watu wenye shahada zao wakishusha kioo cha gari lenye kiyoyozi. Limezoeleka hadi linapita kama hoja, tena hoja ya mtu mwenye huruma.

Tumwangalie basi huyo anayehurumiwa. Alfajiri kwenye Barabara ya Morogoro, kabla foleni haijafunga, utamkuta: mama wa makamo, kizibao cha rangi ya chungwa juu ya dera, kanga kaizungusha puani kwa ajili ya vumbi, fagio la chelewa mkononi. Anafagia ukingoni mwa lami huku malori yanampita karibu kumgusa. Kwenye rundo lake kuna makapi ya miwa, vijiti vya mishikaki, pampasi iliyofungwa ovyo, na chupa ya maji yenye mkojo wa dereva aliyeona taabu kusimama. Ndiyo ajira uliyomletea. Mama huyu halipwi kwa kuhesabiwa pampasi. Analipwa kwa siku au kwa mwezi, hela ileile barabara iwe chafu sana au kidogo. Ukimwongezea taka umemwongezea kuinama tu. Hata tukiacha wote kutupa kuanzia kesho, majani hayataacha kudondoka wala mchanga hautaacha kujaa mitaroni. Kazi ipo.

Na kama kweli watu wanatupa kwa kumwonea huruma mfagiaji, mbona wanatupa Mikumi? Barabara ya kwenda Iringa inakata hifadhi ile kwa kilomita kama 50, na chupa zinaruka kutoka madirishani mwa mabasi vilevile. Pale wanaosubiri kando ya barabara ni nyani.

Hoja yenyewe ni kongwe. Mwaka 1850 Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika kisa cha mtoto aliyevunja kioo cha dirisha la baba yake. Watu wakamfariji mzee: vioo visipovunjika, mafundi vioo watakula nini? Bastiat akawataka waitazame hela iliyokwenda kwa fundi. Kioo kingebaki kizima, mzee angenunua viatu, au kitabu. Tuulize hivyohivyo Dar es Salaam. Magari ya taka ni ya kuhesabika, na kila safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi inakula mafuta na muda wa foleni. Gari linalopoteza asubuhi likizoa chupa za wapita njia barabara kuu ndilo linalosubiriwa uchochoroni, ambako watu wamefunga viroba vyao vizuri na kuviweka mlangoni. Aliyerusha chupa mjini amemnyang'anya mtu wa uchochoroni zamu yake.

Wengine wanajificha nyuma ya waokota makopo. Hawa ni kweli wanaishi kwa taka. Chupa wanaiuza kwa kilo. Lakini muulize mmoja wao anataka chupa ya namna gani. Anataka tupu, safi, iliyowekwa pamoja na nyingine nyuma ya baa au ukumbi wa harusi, aijaze kwenye kiroba kwa dakika chache. Ile ya mtaroni imejaa tope, na mwenye mizani anaishusha bei au anaikataa kabisa. Ukitaka kumsaidia mwokota makopo, mpe chupa mkononi. Ni salamu pia.

Halafu kuna hili la "mapipa hayapo". Kweli, ni machache, na baadhi ya yale ya chuma yaliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ila Tokyo, baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Machi 20, 1995, mapipa mengi yaliondolewa vituoni, na mji haukugeuka jalala. Watu wanarudi na taka zao nyumbani mkobani. Msiniambie Wajapani wameumbwa kivyao. Sisi hawahawa tuliagana na mifuko ya rambo Juni 1, 2019, mifuko tuliyokuwa tukiapa kwamba sokoni huwezi kwenda bila hiyo. Chupa tupu ni nyepesi kuliko ilivyokuwa ulipoinunua.

Inabaki kesi moja ngumu, na hiyo siicheki. Kuna mitaa ya mabondeni ambako gari halipiti, ada ya taka inadaiwa kila mwezi, na viroba vinatoa funza mlangoni. Mvua kubwa ikianza, mama mwenye nyumba anavitosa mtaroni maji yachukue. Huyu kadhulumiwa, na simweki kundi moja na mwenye kiyoyozi. Lakini maji yanachukua kupeleka wapi? Mtaro unamwaga Mto Msimbazi, Msimbazi unapita Jangwani, na kalavati likiziba maji yanapanda hadi kitandani kwa maskini mwenzake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Taka si sababu pekee. Mchanga na ujenzi wa bondeni vina sehemu yao, tena kubwa. Hata hivyo aliyekula ada ya yule mama bila kuleta gari amekaa ofisini pakavu, na kiroba kimemwangukia jirani wa chini ambaye hakumlia hata senti.

Kiroba hicho kina mahali pake. Mama akusanye stakabadhi zake zote za ada, akibebe saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa watu, akiweke mlangoni kwa wanaomdai. Kama kuna taka ya kutupwa hadharani ambayo niko tayari kuitetea, ni hiyo.