KAMBA HUKATIKIA PEMBAMBA



Neno letu safari hii ni pingu. Hatusemi zile za askari. Tunasema pingu ya chuma, ile yenye umbo kama kwato la farasi na pini yake, inayounga waya wa tagi na mnyororo wa chombo kinachovutwa. Kila baharia aliyefanya kazi ya kuvuta anaijua. Na kila mara waya unapoachana na chombo baharini, mabwana wa ofisini huuliza swali moja tu: "Nani alikuwa zamu?" Hawaulizi nani aliyenunua pingu ile. Basi sisi tunauliza.

Tunasema wazi bila kuogopa: vyuma vya kuvutia huchaguliwa kwa hesabu, havichaguliwi kwa bei. Bwana anayechagua kwa bei anacheza kamari, na dau analoweka mezani si fedha zake. Ni maisha yetu.

Jambo hili tumeliona kwa macho yetu hapa pwani. Kampuni hatuitaji, wenyewe wanajijua. Tishali lilitolewa Kilindini wakati wa kusi, livutwe kwenda nje ya mwamba. Serangi alipokagua vyuma alikuta pingu iliyopakwa rangi juu ya rangi, hata namba yake haisomeki. Pini yake ya asili ilikuwa imepotea zamani, na mahali pake pametiwa bolti iliyookotwa karakana. Serangi akasema. Akajibiwa: "Pingu hii imevuta miaka yote. Leo ina nini?" Walipopita mlango wa bandari na kukutana na mawimbi ya nje, bolti ikakatika. Waya ukaruka nyuma, ukapiga deki. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekuwa amesimama njiani mwake. Tishali likaelea ovyo saa nyingi kabla ya kukamatwa tena. Kisha ikaja barua ya onyo. Ndugu, mnadhani iliandikiwa nani? Iliandikiwa serangi.

Maneno yale, "imevuta miaka yote," ni maneno ya mtu asiyejua bahari, au anayejua na hajali. Ndani ya bandari maji yametulia na mvuto ni wa taratibu. Nje si hivyo. Tagi inashuka wimbi hili, tishali linapanda wimbi lile. Waya unalegea, halafu unakazika kwa ghafla. Mkazo huo wa ghafla unaweza kupita mbali nguvu ya injini ya tagi. Pingu iliyostahimili bandarini miaka kumi inaweza kukatika nje kwa mkazo mmoja.

Wala hesabu yake si siri ya wataalamu. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa mwongozo wa kuvuta vyombo baharini. Unasema kwamba tagi yenye nguvu ya kuvuta chini ya tani 40, waya wake mkuu usikatike chini ya mara tatu ya nguvu hiyo. Maana yake, tagi ya tani 30 inataka waya usiokatika chini ya tani 90. Tagi ya tani 50 inataka waya wa tani 140. Hata tagi kubwa zipitazo tani 90 zinatakiwa kuwa na waya wenye nguvu mara mbili. Sasa, ukinunua waya wa tani 90 halafu ukaufunga kwa pingu isiyojulikana tani zake, umenunua nini? Umetupa fedha za waya. Kamba hukatikia pembamba.

Kila mwanachama ajue mambo haya, ili asidanganywe:

Pingu nzuri imepigwa muhuri mwilini mwake: tani za mzigo salama na alama ya aliyeitengeneza. Ina na cheti chake. Pingu isiyo na muhuri ni ya kufungia lango la ng'ombe.

Pini ya kuskurubu peke yake haifai kwa kuvuta baharini. Mtikiso wa waya huifungua kidogo kidogo usiku kucha. Inayotakiwa ni pini yenye nati, na kipini cha kupasuliwa kinachozuia nati isitoke. Bolti ya karakana si pini. Msumari si kipini.

Pingu ni ya kuvutwa moja kwa moja. Ikivutwa upande kwa pembe ya nyuzi 45, watengenezaji wanaojulikana huhesabu kwamba imebaki na asilimia 70 ya nguvu yake. Ikivutwa kwa nyuzi 90, imebaki nusu. Kwa hiyo namna ya kuifunga ni sehemu ya hesabu.

Mahali kamba inapopita juu ya ukingo wa chombo patiwe mnyororo, maana kamba hulika pale hata ikawa nyuzi tupu. Kamba ya nailoni ina faida yake: hunyooka na kupunguza mshtuko. Lakini kwa kuwa hunyooka sana, ikikatika hurudi kama mjeledi, na mjeledi huo huua. Waya mrefu na mzito una faida nyingine: hulala majini kwa mpindo, na mpindo huo ndio unaomeza mshtuko. Kwa hiyo asije karani akatuambia kamba yoyote ni kamba.

Mwisho, kulabu au winchi ya tagi iweze kuachia waya mara moja tagi inapovutwa ubavu. Tarehe 19 Desemba 2007, katika mto Clyde huko Scotland, tagi iliyoitwa Flying Phantom ilikuwa ikisaidia meli katika ukungu mzito. Waya uliivuta ubavu, ikapinduka na kuzama. Watu walikuwa wanne, watatu wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba chombo cha kuachia waya kilifanya kazi, lakini si kwa upesi uliotakiwa. Mwaka 2013 kampuni yenye tagi ile ilitozwa faini ya pauni milioni 1.7. Faini ililipwa, ndugu, lakini wale watatu hawakurudi majumbani mwao.

Labda bwana mmoja atasema kwamba ajali hizi ni za kampuni maskini. Basi asikilize habari ya Kulluk. Hicho kilikuwa chombo kikubwa cha kuchimba mafuta, mali ya Shell, kampuni isiyokosa fedha. Desemba 2012, katikati ya baridi kali, kilitolewa Alaska kivutwe kwenda kusini. Tarehe 27 pingu ya tani 120, iliyounga waya wa tagi na minyororo ya chombo, ikaachia. Pingu ile ilipotea baharini na haikuonekana tena. Kesho yake injini za tagi nazo zikafa. Tarehe 29 watu 18 waliokuwa juu ya Kulluk wakaokolewa kwa helikopta. Tarehe 31 chombo kikapanda mwamba, na hakikurudi kazini tena. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema kwamba moja ya sababu za kuondoka wakati ule mbaya ilikuwa kukwepa kodi ya jimbo la Alaska. Kwa hiyo tatizo si umaskini. Tatizo ni nani anayeamua, na anaamua kwa kutazama nini. Anayetazama daftari la fedha peke yake atatupeleka mwambani, awe tajiri au maskini.

Hapa tuseme na sisi wenyewe, kwa kuwa Chama kisichojikosoa ni ngoma tupu. Wako wenzetu wanaofunga pini kwa waya wa senyenge na kunyamaza, ili safari isicheleweshwe na posho isipotee. Wako wanaopaka rangi juu ya ufa. Wako wanaosimama katikati ya deki waya ukiwa umekazika, wakijiona mashujaa. Ndugu, huo si ushujaa. Anayefunga pini mbovu na kunyamaza amemsaidia bwana kuandika barua ya onyo, na pengine amesaidia kuchimba kaburi la mwenzake.

Sheria haituzuii kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mwaka 2014 Kenya ilitia sahihi yake pia katika Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, unaompa baharia haki ya mahali salama pa kazi na njia ya kupeleka malalamiko bila kuonewa. Haki hizi zimeandikwa. Lakini haki iliyoandikwa haifungi pingu. Inafungwa na mikono ya watu walioungana.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Kila pingu, waya, mnyororo na kulabu ya kuvutia iwe na muhuri na cheti, na cheti kikae chomboni, kisikae kabatini mjini.

2. Kabla ya kila safari ya kuvuta nje ya bandari, hesabu ya nguvu iandikwe, na nahodha na serangi waione.

3. Serangi awe na uwezo wa kukataa chuma kibovu. Akikataa, pasiwe na safari wala onyo.

4. Chuma kilichokataliwa kikatwe vipande siku ile ile, kisirudi kwa mlango wa nyuma.

5. Ajali ikitokea, uchunguzi uanze na hati ya manunuzi, ndipo ufike kwa mtu wa deki.

Hatuombi hisani. Pingu nzuri ni ghali kuliko pingu mbovu, hilo tunalijua. Lakini tishali lililopotea ni ghali zaidi, na mtu aliyekufa hana bei. Mabwana wanaosema hakuna fedha za pingu watuambie fedha za kuandika barua za onyo zinatoka wapi.

Kila mwanachama aliye chomboni aanze kesho. Futa rangi, tafuta muhuri, soma namba. Usipoiona, mwite serangi. Serangi asiposikilizwa, mje ofisi ya Chama, na mje wote pamoja, kwa kuwa sisi nasi ni mnyororo, na mnyororo hauna nguvu kupita pete yake iliyo dhaifu.

UMOJA NI NGUVU.