MCHAGUE UTAKAYEWEZA KUMPINGA KESHO



Kila uchaguzi unapokaribia, hapa Majengo, Nyeri, huzuka neno moja lenye sumu tamu. Utalisikia kwenye kibanda cha chai, utalisikia kwa fundi cherehani, utalisikia barazani baada ya swala ya Ijumaa: "Wote ni wale wale." Hulisema kijana asiye na kazi, na hulisema mama muuza mahamri ambaye amepiga kura tangu enzi za jogoo. Wote wawili hulitamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Nami nakiri kwamba nimewahi kulitamka. Nilizitazama picha za wagombea urais zilizobandikwa ukutani nikaona huyu ana tamaa, yule ni kigeugeu, na wa tatu hakuonekana tulipokuwa tukilia. Nikasema moyoni: basi, nitalala nyumbani.

Makala haya yameandikwa ili kulipinga neno hilo. Hayatakutajia jina la mtu wa kumpigia kura. Yatakupa kipimo, nawe utakishika mkononi uwapime wote watakaojitokeza katika uchaguzi mkuu ambao Katiba imeuweka Agosti 2027.

TULIYOJIFUNZA 1992

Wenye umri wanaikumbuka mwaka 1988, tulipopangwa foleni kama ng'ombe wa josho nyuma ya wagombea, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Huo ndio uliokuwa uchaguzi wa mlolongo. Wanaikumbuka pia Desemba 1991, kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilipofutwa. Tukashangilia. Tukadhani kazi imekwisha.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 1992, upinzani ulikwenda debeni ukiwa na wakubwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyekosa dosari. Kenneth Matiba alikuwa ametoka kizuizini akiwa mgonjwa. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa shujaa asiyepingika, lakini umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Mwai Kibaki alikuwa makamu wa rais wa Moi kwa miaka kumi, aliihama serikali Desemba 1991 wakati mlango ulikuwa tayari umefunguliwa na wengine, na ulimwengu ulikuwa haujasahau aliposema kwamba kuiondoa KANU ni sawa na kuukata mugumo kwa wembe.

Tulifanyaje? Nyeri tulimiminika kwa Kibaki kwa sababu ni mtu wa Othaya. Murang'a wakamiminika kwa Matiba kwa sababu ni mtu wa Kiharu. Kando ya Ziwa wakamiminika kwa Jaramogi. Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Sheria ya wakati huo haikudai nusu ya kura. Ilitosha kuwatangulia wengine na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kweli, dola ilitumia fedha, polisi na redio yake bila haya. Hata hivyo zaidi ya nusu ya wapiga kura walisema hawamtaki, na bado alibaki Ikulu. Mwaka 1997 tukarudia kosa lile lile, naye akarudi kwa asilimia 40.

Lakini tazama jambo ambalo wengi hulisahau. Katika mabadiliko ya Katiba ya miaka hiyo ya 1991 na 1992 iliingizwa kanuni ndogo isiyopigiwa ngoma: rais hatapita vipindi viwili vya miaka mitano. Sisi tulishindwa mara mbili kumwondoa mtu, ila kanuni ile iliyotokana na msukumo wa wapenda mageuzi ilikaa kimya ikisubiri. Mwaka 2002 ikamwondoa. Yule yule wa wembe na mugumo, akiungwa mkono na waliokuwa mahasimu wake, akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Aliyeuangusha mti hakuwa shujaa mkamilifu. Ni kanuni, pamoja na watu waliokubali kuungana nyuma ya mgombea ambaye hawakumpenda wote.

KIPIMO CHENYEWE

Kutokana na hayo nasema hivi. Kura ya urais si posa, wala si kiapo cha mapenzi. Ni barua ya ajira ya miaka mitano. Mwenye shamba la kahawa hamwajiri kibarua kwa kuwa anampenda. Huuliza: je, nikimkuta amekosa, nitaweza kumkanya? Nikimwambia aondoke, ataondoka, au atanitoa mimi shambani mwangu?

Basi unapokosa mgombea anayekujaza moyo, usiulize ni nani unayempenda. Uliza: kati ya hawa, ni nani ambaye akishinda nitaweza kumpinga kesho yake bila kutekwa, bila kupigwa risasi, bila kunyimwa barabara na dawa? Ni nani ameonyesha kwa matendo kwamba mahakama ikimwambia hapana, hukubali? Ni nani akishindwa huenda nyumbani? Ni nani bunge lake litamhoji badala ya kumshangilia? Huyo, hata kama sera zake za kodi hazikuridhishi, hata kama hotuba zake zinakuchosha, amekuachia mlango wazi. Sera mbaya hurekebishwa. Mlango ukishafungwa, huvunjwa kwa damu.

DHAMBI YETU YA 2007

Kipimo hiki kina uchungu, maana hukata pande zote, na sisi wa Mlima Kenya lazima kitukate kwanza. Tusidanganyane. Mwaka 2005 serikali ya Kibaki ilishindwa katika kura ya maoni kuhusu rasimu ya Katiba, naye akayakubali matokeo. Hapo alifaulu mtihani. Lakini mwaka 2007 aliteua makamishna wa tume ya uchaguzi peke yake, akiupuuza mwafaka wa 1997 ulioruhusu vyama vya upinzani kupendekeza majina. Walalamikaji walikuwepo. Sisi huku tulisema nini? Tulinyamaza, kwa kuwa mtu alikuwa wetu. Tulioipigania tume huru dhidi ya Moi hatukuona ubaya wa tume ya mtu mmoja pale mtu huyo alipotoka kwetu.

Matokeo yake tunayajua. Matokeo ya kura yalipotangazwa hakuna aliyekuwa na pa kulalamika anapopaamini. Watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wakimbizi wa ndani walifika hadi miji yetu hii na magodoro kichwani. Simsemi Kibaki peke yake. Watu wengi walishika mapanga, na viongozi wa pande zote wana lao la kujibu. Nasema kwamba mlango ule ulifungwa tukiutazama, nasi tukaona ni sawa kwa kuwa aliyeufunga alizungumza lugha yetu.

"MTU WETU" NI NANI?

Sisi wa Majengo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Majengo ya miji hii, Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru, ni mitaa ya watu waliochanganyika: Mkikuyu mlango kwa mlango na Mnubi, Msomali na Mmeru, Mwislamu na Mkristo. Hapa "mtu wetu" haijawahi kuwa na maana nyepesi. Kwa miaka mingi mtoto wa Majengo akienda kuomba kitambulisho aliulizwa maswali ambayo mwenzake wa mashambani hakuulizwa. Kwa hiyo anajua kwamba kinga yake haimo katika jina la rais. Imo katika sheria inayomlazimisha karani.

Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1992, hakuna mgombea mkuu wa urais aliyetoka Mlimani. William Ruto na Raila Odinga kila mmoja alimtafuta naibu kutoka kwetu: Rigathi Gachagua wa Mathira upande huu, Martha Karua wa Kirinyaga upande ule. Wengi tukapima nani ana naibu wa karibu zaidi na boma letu. Oktoba 2024, Bunge la Taifa na Seneti wakamwondoa Gachagua madarakani. Iwapo sababu yako pekee ya kupiga kura ilikuwa yeye, kura yako iliishi miaka miwili na miezi miwili. Aliyepiga kura kwa kuangalia nani ataheshimu mahakama na haki ya kuandamana bado anayo hoja yake mkononi. Tena hoja hiyo aliihitaji Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, hata humu mjini Nyeri. Mswada uliondolewa, lakini baada ya makumi ya watu nchini kupoteza maisha.

Wala tusimwonee mmoja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais, Uhuru Kenyatta, mtu wetu mwingine, alisema ataiheshimu hukumu, kisha akawaita majaji wakora. Kipimo ni hicho hicho kwa kila mtu: mtazame mwenye nguvu siku anapoambiwa hapana.

KULALA NYUMBANI NI KUMPIGIA NANI?

Sasa nakujia wewe uliyeapa kutotoka siku hiyo. Katiba ya 2010 imeibadilisha hesabu ya 1992. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana, wawili wa kwanza hurudi debeni kwa duru ya pili. Maana yake ni kwamba katika duru ya kwanza unaweza kumpigia hata mgombea mdogo unayemwamini, na kura yako haipotei bure. Inaongeza jumla, inainua ile nusu, inamlazimisha mkubwa aje akutafute.

Lakini kura ya aliyelala haiongezi kitu. Na kura uliyoiharibu kwa makusudi, ukachora msalaba juu ya wote ili kuonyesha hasira? Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia. Hasira yako inawekwa kando na karani, basi.

Fanya hesabu ya 2022. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, dhidi ya 6,942,930 za Raila. Aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22, na zaidi ya milioni 7 kati yao hawakupiga kura. Kama 150,000 tu kati ya hao wangetoka na kumpigia yeyote mwingine, tungekwenda duru ya pili, na wakubwa wote wawili wangelazimika kutujia tena kwa magoti. Silaumu aliyempigia Ruto, wala aliyempigia Raila. Hao walitumia haki yao. Namlaumu aliyelala kisha akaamka kulalamika.

Tena usisahau kwamba siku ile hupewi karatasi moja. Unapewa sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Ukiwa huna imani na yeyote atakayeingia Ikulu, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kumnyima bunge la ndiyo-bwana. Anayempigia rais kwa shingo upande, halafu akawapa wafuasi wake karatasi zote tano zilizobaki, amejifunga kamba mwenyewe. Mchague rais kwa hofu yako, na wabunge kwa ujasiri wako.

Nafahamu pingamizi moja zito. Utaniuliza: je, wote wakiwa hawafai kwa kipimo hicho? Wote wakiwa wamewahi kuikaidi mahakama, au kukaa kimya raia wakiuawa? Jibu langu halikuondolei uzito huo. Hata hivyo, katika mizani hakuna vitu viwili vyenye uzito sawa kabisa. Kuna aliyenyamaza, na kuna aliyeamuru. Kuna aliyekaidi mara moja, na kuna aliyeifanya desturi. Tofauti ya inchi moja inaonekana ndogo kwa aliyeketi barazani. Kwa kijana aliyetupwa ndani ya gari usiku, inchi hiyo ndiyo mlango wenyewe.

Basi, ndugu mwananchi, wewe mama wa mahamri na wewe kijana wa barazani: angalia jina lako katika daftari la wapiga kura mapema. Siku ikifika, enda na kitambulisho chako, uingie chumbani peke yako, umchague yule utakayeweza kumkemea. Kisha rudi nyumbani ukiwa tayari kuanza kumkemea asubuhi yake, hata kama ni wewe uliyempa kura, na zaidi sana kama ni mtu wetu.

Mageuzi ni kazi ya kila siku. Tusilale!