Mchezo wa Watu Wawili
Wako wasemao kuwa michezo ya kompyuta ni upuuzi uwatengao vijana na wenzao. Mimi sikubali. Sahibu yangu alipohamia Maskati, simu zetu zilibaki salamu tupu. Mwaka jana tukaanza kucheza kwa intaneti Portal 2, mchezo wa visa vya kisayansi uliotoka 2011. Kila mmoja ni roboti mwenye bunduki isiyotoa risasi, bali hufungua milango ukutani. Mlango wangu ndio njia yake. Mashine iwatawalayo huwatia fitina, ikimsifu huyu na kumbeza yule. Nasi, ajabu, tukanuniana wiki nzima! Isha ya Maskati hutangulia yetu. Huiacha roboti yake kando ya shimo, nami humngoja. Barazani hatukungojana hivyo.