Kichwa kilichonyolewa nacho husema

Juma la kwanza la Januari, mtu akishuka kwenye matatu mjini Wote au Kitui atadhani kwamba hakuna biashara inayonawiri kuliko ya kinyozi. Foleni huanza asubuhi na mapema. Wavulana huketi kwenye benchi pasi na wasiwasi wowote. Wasichana, ambao walisukwa kwa ajili ya Krismasi, hukaa pembeni wakifumuliwa na mama au dada zao, kisha huingia mmoja mmoja kukikabidhi kichwa kwa mashine. Shule zinapofunguliwa, nywele zile za sikukuu huwa zimefagiliwa na kutupwa.

Katika mkutano mmoja wa walimu wa lugha niliuliza desturi hii ilitoka wapi. Mwalimu mkuu mmoja, mtu ninayemstahi na ambaye kwa sababu hiyo simtaji, alisimama akanijibu: "Daktari, hata Wayunani wa kale waliijua siri hii. Vijana wa Sparta walinyolewa, na nidhamu yao dunia nzima inaijua." Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilikaa kitako, maana nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Nusu hiyo ni kwamba wavulana wa Sparta walikatwa nywele fupi walipokuwa wakilelewa kwa ukali ule uliowapa sifa. Nusu aliyoisahau ni kwamba Msparta alipoingia utu uzima alizifuga nywele zikamwangukia mabegani, na nywele hizo ndizo zilizomtambulisha kuwa mtu huru na askari. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba mwaka 480 kabla ya Kristo, kabla ya vita vya Thermopylae, mpelelezi wa Mfalme Xerxes wa Uajemi aliwachungulia Wasparta akawakuta wengine wakifanya mazoezi na wengine wakichana nywele. Mfalme alicheka. Demaratus, Msparta aliyekuwa uhamishoni kwake, alimwonya asicheke, kwa sababu watu hao hutengeneza vichwa vyao wanapojiandaa kufa. Huko Athens nako, nywele fupi sana zilikuwa alama ya mtumwa. Mtu huru aliyezikata ghafla alidhaniwa amefiwa, kama Achilles wa Homer, aliyekata nywele zake na kuziweka mikononi mwa maiti ya rafiki yake Patroclus, ingawa baba yake alikuwa ameziwekea nadhiri kwa mto wa kwao.

(Niongeze hapa, kwa faida ya wale walio kwenye foleni, kwamba vinyozi wa Wayunani nao walisifika kwa domo. Archelaus, mfalme wa Makedonia, aliulizwa na mmoja wao angependa anyolewe vipi. Akajibu: kimya kimya.)

Kwa hiyo ushahidi wa mwalimu mkuu unamgeukia mwenyewe. Wayunani hawakukiona kichwa kilichonyolewa kuwa kichwa kisichosema neno. Kilisema umri, kilisema msiba, kilisema utumwa. Wala hatuna haja ya kwenda Ugiriki kuyajua hayo. Waluhya wana siku ya kunyoa baada ya mazishi. Pwani, mtoto mchanga wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba, siku ya akika. Na tarehe 2 Aprili 2022, huko Nyeri, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha fildimasho katika Mau Mau, alinyolewa na Mama Ngina Kenyatta nywele alizozifuga tangu siku za msituni, miaka ya 1950. Mkenya aliyeitazama shughuli ile hakuhitaji kuambiwa kwamba haikuwa suala la usafi.

Kazi yangu ni lugha, na lugha yetu imelitolea suala hili ushahidi wake zamani. Tunasema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na kila mwanafunzi wa insha anajua kwamba methali hiyo haihusu urembo, bali balaa linalokuja. Siku hizi timu ikifungwa mabao manne, au mwanasiasa akibwagwa, wapiga soga husema amenyolewa bila maji. Kitenzi chenyewe huvutwa kwenye kauli ya kutendwa, na anayetendwa ndiye mnyonge. Linganisha na kusuka: mtu husuka nywele, husuka mkeka, na hata husuka mpango. Anayesuka anatunga kitu. Sidai kwamba sarufi ni sheria. Nasema tu kwamba wazungumzaji wa Kiswahili hawajawahi kukubali kuwa kunyolewa ni jambo lisilo na maana, nasi walimu wa lugha hiyo hiyo ndio tunaowaambia watoto kwamba halina maana.

Wapo watakaosema kwamba Wayunani na Waluhya si sisi, na kwamba Ukambani unyoaji huu ni mila. Nyanya yangu alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa, kama ilivyokuwa desturi ya Wakamba wa rika lake. Mtu akikutana naye sokoni alijua ametoka wapi kabla hajafungua kinywa kuuliza bei. Desturi hiyo ilizimika katika vizazi viwili au vitatu, na miongoni mwa mikono iliyoizima ilikuwamo ya kanisa na ya shule. Misheni ya Africa Inland ilipiga kambi yake ya kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, na mahali palipojengwa kanisa, shule haikukawia. Silii kwa ajili ya meno yaliyochongwa. Wanangu wana yao kamili nami nashukuru. Lakini taasisi iliyowafundisha babu zetu kuziacha alama za miili yao haiwezi leo kusimama mbele ya binti wa kidato cha kwanza na kuuita wembe wake mila.

Sheria nayo imegusa jambo hili, ingawa kwa upande mmoja. Tarehe 13 Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyerudishwa nyumbani na shule ya upili ya Kibera kwa sababu ya rasta zake aruhusiwe kusoma. Uamuzi ule ulisimama juu ya uhuru wa dini. Binti wa Mutomo au wa Kibwezi anayetaka tu mistari minne ya kusuka kwa sababu anajipenda akiwa hivyo, huyo hana dini ya kumtetea.

Hoja moja ya wanaotaka watoto wanyolewe inanishinda kuipuuza, nayo ni maji. Katika shule ambako wanafunzi huja na mitungi, na ambako kiangazi hulazimisha watu kufukua mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa, nywele ndefu zina gharama ya kweli. Ususi nao unakula pesa na muda, na mtoto wa mjane hataki kulinganishwa na mtoto wa mwenye duka. Hizo ni sababu za haki. Basi zitajwe hivyo kwenye mkutano wa wazazi, zipimwe, na shule yenye tangi iliyojaa iruhusu kile ambacho shule yenye tangi kavu haiwezi. Nywele fupi zilizochanwa hazihitaji maji mengi kuliko upara. Na mtoto ambaye hajatimiza kanuni akae darasani huku mzazi akipigiwa simu, kwa maana hesabu iliyofundishwa Jumanne haimngojei anayerudi Alhamisi kutoka kwa kinyozi.

Nilimweleza mwalimu mkuu yule haya yote tulipokuwa tukinywa chai baada ya mkutano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajipapasa upara wake mwenyewe, kisha akaniuliza kama Wasparta wale walikuwa na mfereji.