Gaza imefika La Haye, Makobola bado

Afrika Kusini iliishtaki Israel huko La Haye tarehe 29 Desemba 2023, kwa ajili ya Wapalestina wa Gaza. Hata mwezi haukwisha. Tarehe 26 Januari 2024 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki (CIJ) waliiamuru Israel izuie vitendo vya mauaji ya kimbari na iruhusu misaada kuingia. Novemba mwaka huo huo, korti nyingine ya mji huo, ile ya uhalifu (CPI), ilitoa waranti ya kumkamata waziri mkuu Benjamin Netanyahu, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Yoav Gallant, na kamanda wa Hamas, Mohammed Deif.

Mkaaji wa Mboko akisikia hayo redioni, anayo haki ya kuuliza: na sisi je? Kaskazini mwa Mboko, kwenye barabara ya Uvira, ndipo Makobola. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, wapiganaji wa RCD na washirika wao wa majeshi ya Rwanda na Burundi waliua huko na katika vijiji jirani watu zaidi ya 800. Hesabu hiyo ni ya Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010. Robo karne imepita, na waliotoa amri bado hawajasimamishwa mbele ya jaji.

Kizuizi cha kwanza ni tarehe. CPI haigusi kosa lililofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Makobola iliitangulia kwa miaka mitatu na nusu. Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda walihukumiwa kule, lakini wote kwa makosa ya Ituri.

Kizuizi cha pili ni saini. CIJ huhukumu nchi zilizokubali kuhukumiwa nayo tu. Kinshasa iliishtaki Rwanda mwaka 2002, na tarehe 3 Februari 2006 majaji wakajibu kwamba hawana mamlaka, kwa kuwa Kigali haikukubali. Hawakusema Rwanda haina kosa, ingawa wengi huku wameielewa hukumu hiyo hivyo. Israel ilishikika kwa sababu ilitia saini mkataba wa 1948 kuhusu mauaji ya kimbari bila kukataa kipengele cha korti. Rwanda ilikuwa imekikataa. Ikaondoa zuio hilo mwaka 2008. Mlango umefunguka kidogo, lakini ni kwa mauaji ya kimbari peke yake, na hakuna kosa gumu kulithibitisha kama hilo.

Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya korti. Ndiyo maana ilipatikana na hatia mwaka 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Fedha hizo zinapitia mfuko wa FRIVAO, Kisangani. Mjane wa Makobola hana fungu humo: waliomuulia mume hawakuwa jeshi la Uganda.

Korti iliyowahi kuwafikia watu wa Fizi ilikuja kwa barabara. Februari 2011 korti ya kijeshi ilikaa Baraka, wanawake wakatoa ushahidi juu ya ubakaji wa usiku wa Mwaka Mpya, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akapewa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Muda wote, tangu kosa mpaka hukumu, haukufika miezi miwili. Kwangu mimi, kesi ile ilizidi hotuba nyingi za La Haye. Tatizo ni kwamba korti kama hiyo humpata askari aliye mikononi mwa serikali. Makamanda wa 1998 wengine walipewa vyeo. Korti maalum ya makosa ya zamani ilipendekezwa Kinshasa, Seneti ikaukataa mswada mwaka 2011.

Arusha ni karibu zaidi. Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema inayo mamlaka ya kusikiliza mashtaka ya Kongo dhidi ya Rwanda, lakini kesi hiyo ni ya vita vya M23, si ya Makobola.

Mawakili wa Gaza wana video za simu. Makobola ina mashahidi wanaozeeka, wengine wakiwa kambini Nyarugusu, Tanzania, na majina ya washukiwa yaliyofungiwa kwenye kabati la Umoja wa Mataifa huko Geneva. Kinshasa inaweza kuanza kuandika ushahidi wao leo, bila kungoja ruhusa ya korti yoyote.